Upande wa Ndani wa Kiti

Sifa ni kama gundi ya mbao: ikitiwa kiasi hushika, ikimwagwa ovyo hunatisha vidole na kukiacha kiti kikiyumba. Mwenye karakana ile ya samani alilijua hilo la gundi, kwa kuwa alirithi kazi kutoka kwa marehemu mumewe. La sifa hakulijua. Alirudi kutoka kwenye semina iliyofanyika katika ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi, amebeba mkoba wa kitambaa, kalamu ya bure na imani mpya. Imani yenyewe ilikuwa kwamba wafanyakazi wanaosifiana hufanya kazi vizuri zaidi.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla msumeno wa umeme haujawashwa, mafundi wote walisimama duara juu ya vumbi la mbao, na kila mmoja akamsifu aliyekuwa kuliani kwake. Siku za mwanzo watu walijitahidi, na mmoja wao alilia. Baadaye ukweli ulikwisha ikabaki zamu. Dereva wa kupeleka samani alimsifu fundi wa kupaka vanishi kwa kuwahi. Mpaka vanishi alimsifu mkata sponji kwa afya njema. Mkata sponji, ambaye hakuwa amelala vya kutosha, alimsifu jirani yake kwa kusimama wima.

Katika duara hilo alikuwamo mwanamke aliyevisha viti vitambaa. Walimwita Sindano: kwa sababu ya kazi yake, walisema wenye adabu, kwa sababu ya ulimi wake, walisema waliokwisha kuchomwa. Alikuwamo pia mtengeneza fremu, ambaye kila mtu alimwita Seremala tu, kana kwamba karakana nzima haikuwa na seremala mwingine. Walikuwapo wengine, ila wao walihitaji majina.

Sindano alikuwa amegundua jambo ambalo mwanamke asiyependa hangeligundua. Tangu duara lianzishwe, Seremala hakuwahi hata asubuhi moja kusimama mahali ambapo yeye angekuwa kuliani kwake. Sindano akija upande wake, Seremala alikumbuka randa aliyoiacha mezani. Akimkaribia tena, Seremala aliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Asubuhi ya siku tunayoisimulia, Sindano alitoka nyumbani akiwa ameazimia kulimaliza jambo hilo, na aliyemtia azma hiyo alikuwa mama yake.

Mama yake alikuwa akipiga pasi. Nguo zilizokwisha kunyooshwa alizipanga juu ya kiti kizuri kuliko vyote sebuleni, kiti cha mikono chenye kitambaa cha kijani, ambacho Seremala alikitengeneza na kukileta mwenyewe mlangoni bila maelezo. Alisema tu, "Shikamoo mama, kiti hiki," kisha akaondoka. Tangu kilipoingia, mama hakuwahi kukikalia.

"Mama, kile ni kiti," alisema Sindano, akinywa chai akiwa amesimama.

"Najua ni kiti. Kingekuwa kabati ningefungua mlango."

"Aliyekitengeneza alitaka ukae."

"Alitaka? Alisema lini? Mimi nilisikia salamu na mlango." Mama aligeuza ukosi wa shati. "Jioni mjomba wako atapiga simu. Wakala anataka jibu, na ana haki yake, amesubiri."

Wakala alikuwa mtu wa bima, mwenye sauti ya kutuliza watoto, aliyeletwa na mjomba kuja kuposa. Alipokuja aliisifu chai, akayasifu mapazia, akamsifu na paka aliyelala kizingitini, ambaye hakuwa wa nyumba ile.

"Mama, yule anasifu kila kitu. Hata paka wa watu."

"Afadhali mwenye neno kwa paka kuliko asiye na neno kwa mke."

"Wewe unamchukia Seremala."

"Simchukii. Namjua." Mama aliisimamisha pasi wima, jambo ambalo hakulifanya ila pale maneno yalipokuwa mazito kuliko nguo. "Nimempikia baba yako mpaka siku anaingia kaburini, na hadi leo sijui kama chumvi ilikuwa inatosha. Unanielewa? Sijui. Alikula, akanawa, akaondoka. Siku moja nikamuuliza, baba fulani, kwani chakula changu kina kasoro? Akanijibu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

Sindano alikishusha kikombe.

"Mimi sikuwa mgema," alisema mama. "Nilikuwa mkewe."

Aliichukua tena pasi. "Sasa niambie. Huyo wako amewahi kukwambia neno gani?"

Sindano alipekua kumbukumbu zake kwa uaminifu. Alikuta "nipe hiyo patasi." Alikuta "sogea kidogo, vumbi." Alikuta "kesho kuna fremu nyingine," ambayo ilitamkwa kwa sauti ya chini na ambayo, wakati huo, ilimkosesha usingizi. Aliona si ushahidi wa kupeleka mbele ya mama aliyeshika pasi ya moto.

"Basi kamuulize leo," alisema mama. "Akikwambia neno moja juu yako, neno ambalo hawezi kumwambia mtu mwingine yeyote, nitaziondoa nguo zangu pale na kukaa. Asipokwambia, mjomba wako atapata jibu jioni, na hutanikatalia."

"Sitakukatalia," alisema Sindano, akaenda kazini.

*

Duara lilipoanza kujipanga, Sindano alikwenda moja kwa moja kusimama kuliani kwa Seremala. Seremala alikumbuka randa, akaifuata, akarudi upande wa pili wa duara. Sindano alihama akasimama kuliani kwake. Seremala aliinama. Sindano alisubiri mpaka viatu visivyo na kamba vikamaliza kufungwa. Seremala aliinuka akiwa amekwisha kuvuka na kuingia kati ya dereva na mkata sponji. Sindano aliingia vilevile, na mkata sponji akasukumwa hadi kwenye rundo la magodoro.

"Jamani," alisema mpaka vanishi, mtu mnene mwenye furaha aliyeitwa Vanishi na watu wote, mkewe akiwa miongoni mwao, "hili ni duara au mchezo wa kugombea viti? Mimi nikae wapi?"

"Kaa ulipo, utatuchafua," alisema dereva.

"Watoto wangu," alisema mwenye karakana, akipiga makofi, "utulivu. Tuanze hivyohivyo tulivyo."

Hivyo walivyo, Seremala alikuwa amehama mara ya mwisho, na kuliani kwa Sindano hakukuwa na mtu ila mashine ya kukunja pindo. Aliyekuwa kushotoni kwake, mwenye wajibu wa kumsifu, alikuwa Vanishi.

"Nakusifu," alisema Vanishi, akimkagua kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, akitafuta pa kuanzia, "kwa kibanio cha nywele."

"Asante."

"Kimebana kwelikweli."

Zamu ya Seremala ilipofika, alimsifu dereva kwa kufunga breki. Watu walipiga makofi, msumeno ukawashwa, kazi ikaanza.

Sindano hakwenda kwenye cherehani yake. Alikwenda kwenye meza ya Seremala, akazima taa iliyokuwa juu yake, akaegemea fremu ya kochi iliyokuwa haijavishwa. Seremala alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye unga wa mbao katika nyusi. Mwanga ulipozimika aliinua macho. Macho yale yalimkuta usoni, yakakaa hapo kuliko ilivyohitajika kuona nani aliyezima taa.

"Nahitaji hiyo taa," alisema.

"Nami nahitaji jibu. Kwa nini unanikimbia?"

"Sikukimbii."

"Mkata sponji yuko kwenye magodoro mpaka sasa."

Seremala alimtazama mkata sponji kwa mbali. "Ameamua kupumzika."

"Sikiliza. Asubuhi zote hizi umemsifu kila mtu humu ndani. Umemsifu dereva kwa kufunga breki, kana kwamba ana hiari. Umemsifu Vanishi kwa kukohoa akiwa ameziba mdomo. Mimi nikisimama karibu yako, unakimbia kama nimekuja na upele. Nimefanya nini? Kazi yangu ni mbaya? Niambie kazi yangu ni mbaya, nitakuelewa, nitakwenda zangu."

"Kazi yako si mbaya."

"Si mbaya. Asante. Kibanio changu kimepata zaidi ya hapo."

Seremala aliweka patasi chini. Aliiweka polepole, makali yakiangalia upande wa pili, kama walivyofundishwa wote. Hasira ya Sindano ilikuwa imejiandaa kwa mtu atakayebisha, na kwa kukosa mtu huyo ilianza kutetereka.

"Pale kwenye duara," alisema Seremala, "mtu anasema kwa sababu ni zamu yake. Anamtazama aliye kuliani, anatafuta kitu, anakisema, anamaliza. Kesho anasema kingine."

"Ndiyo."

"Sikutaka wewe uwe zamu yangu."

Msumeno ulikata ubao mmoja ukaisha, ukaanza mwingine. Sindano alihisi joto limempanda shingoni, na kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kuliamini joto kabla ya kulichunguza, alikunja mikono.

"Sasa hivi si zamu ya mtu," alisema. "Hakuna duara. Sema."

"Sasa hivi?"

"Jioni mjomba wangu anapiga simu. Kuna mtu wa bima. Mama amesema, ukinambia neno moja juu yangu, ambalo huwezi kumwambia mtu mwingine, atakaa kwenye kiti chako. Usiponiambia, nitaolewa na mapazia na paka."

Seremala hakuelewa habari ya paka. Habari ya mtu wa bima aliielewa. Rangi ya uso wake ilibadilika chini ya unga, akafungua kinywa.

"Mishono yako," alianza, "ni mizuri."

"Mtu wa bima angesema hivyo."

"Una... una bidii."

"Hilo lilisemwa kwenye cheti changu cha shule ya msingi, na halikuwa kweli."

"Una macho..."

"Angalia," alisema Sindano, na sauti yake ikatetemeka kidogo, "angalia usije ukaanza na macho, kwa sababu nitaondoka."

Seremala alishika kichwa. Watu wanaoandika hadithi za mapenzi humpa mwanamume katika saa kama hii ulimi wa malaika, huyu hakupewa. Alipewa fremu ya kochi, na baada ya kuitazama kwa muda, kama mtu anayetazama kamusi, aliishika kwa mikono miwili akaipindua, miguu juu.

"Weka mkono ndani," alisema.

"Nini?"

"Pale unapopitisha mkono kuvuta kitambaa. Weka."

Sindano aliupitisha mkono chini ya ubao wa nyuma, mahali penye giza ambapo kitambaa huvutwa na kubanwa kwa pini, mahali ambapo mnunuzi hafiki wala jicho halifiki. Vidole vyake vilitambaa juu ya mbao iliyokuwa laini kama sahani.

"Imepigwa msasa," alisema. "Najua. Fremu zako zote ni hivi. Ndiyo desturi yako."

"Si desturi yangu. Muulize Vanishi."

"Si desturi yake!" alipaza sauti Vanishi, aliyekuwa amesogea na brashi yake kupaka mguu wa kiti uliokuwa umekwisha kukauka. "Aliyevisha viti hapa kabla yako alivaa glavu. Nani anapiga msasa ndani? Nani ataona?"

"Rudi kazini," alisema Seremala.

"Niko kazini. Napaka."

Seremala aligeuka nusu, akaongea na fremu badala ya Sindano, na maneno yakaja kwa urahisi zaidi.

"Unakumbuka kochi la mistari? La yule mama aliyetaka mistari ya mgongoni iungane na ya kitini bila kukatika. Ulikuwa mgeni hapa. Ulikuwa unavuta kitambaa, kibanzi cha fremu yangu kikakuingia chini ya ukucha. Nilikuwa nimesimama hapa hapa. Nikasubiri upige kelele, ili nije kuomba msamaha. Hukupiga. Ulikichomoa kwa meno, ukakitema, na mkono wa pili haukuachia kitambaa. Hukukitazama hata kidole. Ulitazama mstari."

Sindano alikumbuka kibanzi. Hakukumbuka kwamba palikuwa na mtu.

"Halafu ulipomaliza, ukalizunguka lile kochi. Mwenye kochi alikuwa amekwisha kuridhika, dereva amekwisha kufungua mlango wa gari. Ukasema, subirini. Ukafumua mgongo mzima, kwa sababu ya mstari mmoja uliopotoka kwa upana wa uzi. Dereva alitukana."

"Nilitukana," alikiri dereva, ambaye naye alikuwa amefika.

"Mimi kabla ya siku ile nilifanya vizuri sehemu zinazoonekana," alisema Seremala. "Zilizofunikwa nikaziacha zilivyotoka kwenye msumeno. Jioni ile nilirudi kwenye meza hii nikaona haya. Nikasema, mtu anayeutunza mstari kiasi kile, mimi nitautunza mkono wake. Tangu siku hiyo, kila fremu inayokuja kwako naipiga msasa ndani. Zinazokwenda kwa mafundi wengine pia, kwa sababu siwezi tena kuacha. Umenifanya niwe fundi, na sijui mtu anaanzaje kusema jambo kama hilo baada ya dereva kusifiwa kwa breki."

Hakuna aliyecheka. Msumeno ulikuwa umezimwa, na aliyeuzima alikuwa mwenye karakana mwenyewe, aliyesimama karibu na swichi akiwa na kalamu yake ya bure mkononi. Alionekana kama mtu aliyenunua mbegu za ua, akasahau, kisha akakuta limechanua nyumba ya jirani.

Sindano alikuwa bado ameuweka mkono ndani ya fremu. Alitambua kwamba hakutaka kuutoa.

"Na mimi nina neno," alisema, na sasa sauti yake haikutetemeka. "Kabla sijaifunika fremu yako huwa nachelewa. Mwenye karakana huniuliza nangoja nini, namwambia sponji. Si sponji. Natazama unavyozishikanisha mbao pembeni, zinaingiana hata ukucha haupiti. Najua nikishabana kitambaa hakuna atakayeziona tena. Basi natazama kwa niaba ya watu wote, halafu nafunika."

Seremala alimtazama. Safari hii hakuwa na randa ya kukumbuka.

"Sponji ilikuwa haichelewi," alisema mkata sponji kutoka kwenye magodoro, kwa uchungu wa mtu aliyesingiziwa muda mrefu.

"Nitakuja kwenu," Seremala alimwambia Sindano. "Jumamosi. Nitasema mbele ya mama."

"Utasema nini?"

"Haya haya. Sina mengine."

"Hayo yanatosha," alisema Sindano, akamwashia taa.

*

Mama alikuwa sebuleni, simu ikiwa mezani mbele yake, nguo zikiwa kitini palepale. Sindano hakuvua hata viatu. Alikwenda kwenye kiti, akazikusanya nguo zote kwa mkumbo mmoja, akaziweka mapajani mwa mama.

"Shika, mama."

"We mtoto! Nimezinyoosha hizo!"

Sindano alikipindua kiti juu ya mkeka, akatoa mkasi mdogo mkobani, akaanza kufumua kitambaa cheusi kinachofunika tumbo la kiti. Kilikuwa kimeshonwa na mkono wake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza alijilaumu kwa kushona imara. Akiwa anafumua, alisimulia: kibanzi, mstari, dereva, haya ya jioni ile. Hakuongeza wala hakupunguza. Mama alisikiliza akiwa amekumbatia nguo.

"Alisema hivyo," aliuliza mwishowe, "au umempangia wewe? Maana una ulimi."

"Weka mkono, mama."

Mama aliziweka nguo kando. Alipiga magoti kwa shida, akaupitisha mkono katika giza la kiti, na mkono ukakaa huko. Ulikwenda mbele, ukarudi, ukafuata ubao mpaka kwenye kona, ukapapasa kona.

"Huku hakuna mtu ambaye angeona," alisema.

"Hakuna."

"Na yeye alijua hakuna."

"Alijua."

Mama aliutoa mkono, akautazama, kana kwamba ulirudi na kitu. Kisha akaokota ule uzi uliofumuliwa, akauona mshono uliobaki upande wa pili, akaupitishia kidole gumba.

"Huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Ulipokuwa mdogo ulimshonea baba yako kifungo cha shati. Shati likachakaa, nikaligeuza tambara la kufutia meza, kifungo kikawa bado kimeshika. Nilikata kitambaa kukizunguka, nikakihifadhi." Aliupapasa tena mshono. "Sikukwambia. Nilidhani unajua."

"Sikujua, mama."

"Basi sasa unajua."

Simu ililia mezani. Sindano alikisimamisha kiti juu ya miguu yake minne. Mama aliinuka, akajipangusa magoti, akakizunguka mara moja kama mnunuzi asiyeamini wauzaji, kisha akageuka akajishusha taratibu mpaka mgongo wake ukaufikia mgongo wa kiti. Aliweka mikono juu ya mikono ya kiti. Alikaa vizuri. Simu iliendelea kulia.

"Huyo mwenzako aje Jumamosi," alisema. "Aje na maneno yake hayo hayo, asiongeze hata moja."

"Nitamwambia. Mama, simu. Ni mjomba."

"Pokea wewe," alisema mama. "Mimi nimekaa."